Mwalimu wa Sinema Niliyemlisha Maneno

Vijana wangu wa vibanda vya video, wiki iliyopita mlinijia nyumbani mkaniomba niwafundishe kutafsiri sinema. Mlikuwa mmesikia kwamba bibi huyu wa hapa Kasulu alishika kipaza sauti kabla wazazi wenu hawajaoana. Niliwapa chai, nikawaambia mawili matatu ya kuvuta pumzi na kumeza mate, mkaondoka mmeridhika. Mimi sikuridhika. Niliwaambia yaliyo rahisi, na lile gumu nikalibakiza. Basi nimeomba daftari kwa mjukuu wa jirani, naandika.

Miaka ya sabini nilifanya kazi kwenye gari la sinema. Lilikuwa Landrova ya idara, lenye jenereta nyuma, mashine ya kuonyeshea, pazia jeupe la kukunja na masanduku ya mikanda. Tulikuwa wawili tu. Mzee Mfaume, mtu wa Ujiji, aliendesha gari na mashine. Mimi nilikuwa sauti. Sinema nyingi zilitoka nje, zikizungumza lugha ambazo hakuna aliyezijua, na kila sinema ilikuja na karatasi ya maneno iliyopigwa chapa kwa Kiswahili. Kazi yangu ilikuwa kuyasema maneno hayo kwa Kiha, papo hapo, sinema ikiwa inakwenda. Mtu wa kabla yangu alikuwa wa pwani, Kiswahili chake kizuri mno, na wazee wa Munanila walikuwa wakimsikiliza kama mtu anayesikiliza mvua.

Mzee Mfaume ndiye aliyenifunza. Alinifundisha kuliweka jenereta upande upepo unakoelekea, ili mlio wake usirudi kwa watazamaji. Alinifundisha kuunga mkanda uliokatika: unakwangua ncha kwa wembe mpaka uone weupe, unatia gundi tone moja, unabana, unahesabu polepole mpaka sitini bila kuongea na mtu. Mkanda ukikwama mbele ya taa, usiangalie watu, angalia mkanda, maana taa itautoboa ungali unaomba radhi. Na kila sinema, aliniambia, itazame mara mbili peke yako kabla hujaisemea. Hilo la mwisho nilikuwa mvivu nalo.

Siku moja kule Murungu nilichanganya magurudumu ya mikanda. Mtu aliyeuawa katika mkanda wa pili akaonekana mkanda uliofuata anakunywa supu. Watu wakanong'ona. Mimi sikutetereka hata kidogo. Nikatangaza kwamba huyo ni pacha wake, amekuja kulipiza kisasi. Wakashangilia mpaka mwisho. Wakati wa maswali, baada ya sinema, mzee mmoja akataka kujua kwa nini mama yao hakumtambulisha huyo pacha tangu mwanzo, nami nikamjibu kwamba huko kwao mapacha hufichwa. Mzee Mfaume alikuwa akikunja nyaya, mabega yanamtikisika kwa kucheka. Ila njiani aliniambia kitu ambacho sikukitilia maanani. Alisema ulimi wangu una mbio kuliko macho yangu.

Mseme niliipenda kazi ile, mtakuwa mmesema kweli. Lakini ilikuwa kazi ya upweke, na upweke wake sikuujua mpaka nilipokuwa ndani yake. Watu walinijua sauti, sura hawakuijua, maana nilisimama nyuma ya mashine gizani. Asubuhi nikienda kisimani kuteka maji, wanawake walinisalimu mwakeye, nami nikiitikia tu walishtuka, kama waliosikia redio inatembea. Sinema ikiisha kila mtu alishika mtoto wake akaenda kwake. Mimi nilibaki narudisha mikanda nyuma, gurudumu baada ya gurudumu, kisha nikalala kwenye darasa tupu au ofisi ya kijiji, na Mzee Mfaume garini. Nyumbani Kasulu mama yangu aliacha kuniuliza habari za posa. Aliwaambia wenzake kwamba mwanamke anayesemea wanaume kwa kipaza sauti, mume atamsemea nani.

Sasa niwaambie lile nililoliacha.

Tuliletewa sinema moja kutoka nchi ya mbali yenye theluji. Habari zake zilikuwa za watu wenye bunduki walioingia kwenye mji mdogo na kuutawala kwa kipigo. Ndani yake kulikuwa na mwalimu wa shule, mtu mwembamba mwenye miwani. Wenye bunduki wanaingia darasani kwake asubuhi. Mkubwa wao anaweka mezani daftari la mahudhurio na kumwonyesha kwa kidole: soma majina ya watoto fulani, wasimame, tuwachukue. Mwalimu analifunga daftari, anaketi juu yake. Mkubwa anaanza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja. Hapo picha inakatika, tunaonyeshwa theluji uani.

Kwenye karatasi yangu, sehemu hiyo yote iliandikwa maneno mawili katika mabano: mwalimu kimya.

Mimi niliona hayatoshi. Watu wametembea saa mbili kuja kuona shujaa, halafu shujaa akae kimya? Kwa hiyo tangu onyesho la kwanza nilimlisha maneno. Akilifunga daftari, mimi nilipaza sauti kwa Kiha: "Nichukueni mimi. Watoto hawa ni wangu, sitamsoma hata mmoja." Palikuwa panalipuka makofi. Nilikuwa nayangoja makofi yale toka gari linaondoka Kasulu.

Tulifika nayo kijiji kimoja nyuma ya Kitahana. Huko walikuwa wamekaa watu wengi waliovuka mpaka kutoka Burundi miaka michache nyuma, wakikimbia mauaji. Walikuwa wamepewa mashamba, wakalima maharage na mihogo pamoja na wenyeji, na Kiha changu walikisikia bila shida kwa sababu hakipo mbali na lugha yao. Hakuna aliyenikataza kuwaonyesha sinema ile. Na mimi sikujiuliza.

Niliposema maneno yangu, hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani spika imekatika. Nikayarudia.

Wakati wa maswali mwanamke mmoja wa makamo alisimama. Baadaye nilijua anaitwa Mama Deo. Aliuliza bila ukali wowote, "Huyo mwalimu mmemtoa wapi?"

Nikamjibu kwamba walimu kama hao wapo kila mahali, mama, ila hawatangazwi. Nilijiona nimejibu vizuri. Yeye alinitazama upande wa gizani nilikosimama, akaketi. Hakuna aliyeuliza jingine.

Asubuhi yake, tukiwa tunapakia, alikuja mwanamume mmoja ameshika kofia mkononi, viganja vina udongo mwekundu. Jina lake Salvatori. Alikuwa anafyatua matofali, na jioni alikuwa akifundisha watu wazima kusoma. Alitaka kuiona tena sehemu ya mwalimu. Nikamweleza kwamba sinema haionyeshwi mchana. Mzee Mfaume akamtazama yule mtu kwa muda, kisha akaniambia ghala la kijiji lina madirisha mawili tu na magunia yapo.

Tuliziba madirisha kwa magunia, tukatundika pazia dogo ukutani. Nikashika kipaza sauti. Salvatori akaniomba, kwa adabu kabisa, nisiseme chochote.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitazama ile sehemu bila kuisemea. Vijana wangu, nilikuwa nimeionyesha mara kama ishirini, na sikuwa nimeiona. Mwalimu yule anatetemeka. Anapolifunga daftari kidole chake kinabaki ndani ya kurasa na inambidi alifungue tena ili akitoe. Goti lake linacheza chini ya meza. Hamtazami yule mkubwa hata mara moja, anatazama dirishani kama mtu anayetafuta mahali pa kupita. Na mdomo wake haufunguki.

Salvatori aliomba irudiwe. Mzee Mfaume akairudia. Akaomba tena. Mara ya tatu ilipoisha alikaa kwenye gunia la mahindi, akaniuliza, "Yale maneno ya jana, yeye aliyasema?"

"Hapana," nilisema. "Niliyaongeza mimi."

"Yeye hasemi kitu."

"Hasemi."

"Na anaogopa."

Nikakubali kwamba anaogopa.

Kisha akatueleza. Kule kwao alikuwa mwalimu wa shule ya bweni. Asubuhi moja walikuja watu wenye bunduki na lori, wakamwekea daftari mezani wakamwambia asome majina manane. Alisoma. Alidhani asiposoma atapelekwa yeye, na labda alidhani sawa. Alisoma kwa sauti ile ile ya kila siku. Na wavulana waliitika, alisema, kila mmoja aliitika na kusimama kama walivyozoea, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha.

Usiku wa jana, aliendelea, nilipomsemea yule mwalimu yale maneno makubwa, yeye alipata nafuu. Alijiambia kwamba yule ni mtu wa namna nyingine, si wa udongo huu, hakuna haja ya kujipima naye. Lakini hakulala. Aliona kwamba mdomo wa mwalimu haukwenda sambamba na sauti yangu, ndiyo maana akaja.

"Sasa nimeona anaogopa kama nilivyoogopa mimi," alisema. "Na bado amelifunga."

Mzee Mfaume alizima mashine.

Kisha Salvatori akafika kwenye haja yake. Yule mwanamke aliyeuliza swali, Mama Deo, alikuwa mama wa mmoja wa wale wanane. Alijua kwamba mwalimu alisoma majina, habari ilimfikia. Hakujua kwamba mwalimu mwenyewe ndiye huyu anayefyatua matofali nyumba ya nne kutoka kwake, maana mama huyo alitoka kilima cha mbali, hakuwahi kufika shuleni, na Salvatori kule aliitwa kwa jina lake la ukoo, huku akatumia la ubatizo. Mwaka mzima Salvatori alikuwa akimsalimia. Alimjengea jiko.

"Nataka kumwambia leo," alisema. "Nimejaribu. Nikifungua mdomo sauti haitoki. Dada, wewe kazi yako ni kusemea watu. Twende pamoja. Nitasimama hapo hapo, wewe useme."

Nilimwambia gari linatakiwa Kibondo kabla ya saa sita.

Hakunisihi. Alinishukuru, akamshukuru na Mzee Mfaume, akasaidia kushusha magunia madirishani. Akavaa kofia yake nje akaenda.

Onyesho letu la Kibondo lilikuwa keshokutwa. Mzee Mfaume alilijua hilo kama mimi. Aliendesha mwendo mrefu, tukapita migomba na mashamba ya mihogo, vumbi linaingia kila mahali. Tulipokaribia mji alisema, bila kunitazama, "Leo hatukuwa na kazi Kibondo."

Hakuongeza kitu, wala hakulitaja tena mpaka anastaafu kurudi kwao Ujiji. Ningependa angenigombeza.

Tangu siku ile sikuweza tena kumlisha maneno yule mwalimu. Tuliionyesha Munanila miezi michache baadaye. Alipolifunga daftari nilishusha kipaza sauti. Kukawa kimya, jenereta tu linasikika kwa mbali. Kijana mmoja akaita, dada umelala? Watu wakacheka. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu wameanza kuliona lile goti. Wakati wa maswali hakuna aliyesifia ushujaa. Mama mmoja aliuliza kwa nini mwalimu anatazama dirishani, na watu wakabishana wenyewe kwa wenyewe, wengine wakisema alikuwa anataka kukimbia, wengine anaangalia kama kuna mtu anakuja kumsaidia. Sikuwajibu. Hili ndilo ninalotaka mlishike, ninyi mnaosemea watu wanaouana kwenye vioo vyenu siku nzima huku mkitia mbwembwe. Mtu jasiri mkimpaza sauti zaidi ya alivyo, mnampa mtazamaji ruhusa ya kwenda zake. Atasema yule si mimi. Mwacheni atetemeke.

Baada ya masika barabara zilifunguka nasi tukarudi kijiji kile nyuma ya Kitahana, tukiwa na sinema ya kilimo cha kahawa. Tulifika Jumamosi. Watu walikuja wachache. Nilimtafuta Salvatori kwa macho, nisimwone, nikaenda kumuuliza mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alinisimulia akiwa anaangalia pembeni. Siku ile ile gari letu lilipoondoka, Salvatori alikwenda kisimani wakati wanawake wamejaa, akasimama mbele ya Mama Deo, akasema. Alikwama, akaanza tena, akasema mpaka mwisho. Alitaja jina lake la ukoo. Alitaja na majina yote manane, maana palikuwa na ndugu wa wengine pia. Mama Deo alijitwika ndoo yake akaondoka. Wanaume waliposikia walikuja wakampiga. Walimvunja mkono wa kushoto, na wangeendelea kama wenyeji wasingeingilia. Tangu hapo hakuna aliyenunua tofali lake, na darasa la watu wazima akapewa mtu mwingine. Aliambiwa anaweza kuhama. Hakuhama.

Na Mama Deo? niliuliza. Mwenyekiti akasema Mama Deo alikaa wiki nzima ndani, kisha akatuma mtu amwite Salvatori. Watu walidhani anamwita kumsamehe, wengine kumlaani. Halikuwa lile wala hili. Alimwambia kwamba yeye mwanawe alimpeleka bweni akiwa mdogo, akawa anamwona likizo tu. Aliyemwona kila siku ni mwalimu. Kwa hiyo mwalimu aje kila Jumapili, amwambie kitu kimoja alichokiona kwa Deo. Kimoja, si viwili, na kiwe cha kweli. Siku vitakapokwisha asirudi tena.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mzee Mfaume alisema yeye ana kazi ya kusafisha mashine, niende. Mashine ilikuwa safi.

Nilimkuta Mama Deo kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsalimia, na kwa kunisikia tu akajua mimi ni nani. Akanionyesha kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi toka usiku, lakini yeye alianza.

"Aliniambia alikuomba uje naye."

"Ndiyo, mama. Aliniomba."

"Kwa nini hukuja?"

Nilikuwa na lile la gari na saa sita, lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Nikaliacha. "Niliogopa," nikasema.

Aliendelea kutoa vijiwe na kuvitupa uani. Baada ya kitambo akaniuliza kama yule mwalimu wa sinema walimuua. Nikamwambia hatuonyeshwi. Baada ya pale tunaona theluji tu.

"Kwa hiyo hata walioitengeneza hawajui," alisema.

Salvatori alikuja jua likiwa limepanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya, umepinda chini ya kiwiko. Alinisalimia kama mtu tuliyeonana jana. Vigoda vilikuwa viwili, na hakuna kingine kilichotolewa. Niliposogea kumpisha, Mama Deo alitikisa kichwa. Salvatori mwenyewe alikwisha kuketi chini, penye vumbi, mgongo ukutani, kofia juu ya goti. Nilielewa kwamba hapo ndipo anapokaa kila Jumapili.

Alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Deo alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto. Nilimkataza mwaka mzima, halafu nikachoka nikamwacha. Mkono wake ulipita juu ya maneno kabla wino haujakauka. Kwa hiyo kila siku shati lake lilikuwa la bluu, kuanzia hapa mpaka hapa." Akaonyesha kwenye mkono wake uliopinda.

Mama Deo aliacha kuchambua.

"Nilikuwa namchapa kwa ajili ya shati lile," alisema. "Kila likizo. Alikuwa ananiambia ni kuandika, nami namwambia anachezea wino."

"Hakuwa anachezea," Salvatori alisema.

Mama Deo alitazama ungo uliokuwa mapajani mwake. Mimi, niliyekuwa na neno la kila mtu, wa kufa na wa kufufuka, sikuwa na neno, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta. Kuku walikuja wakaanza kudonoa vijiwe uani, wakaviacha.

"Haya," alisema hatimaye. "Utakuja Jumapili."

Salvatori aliinuka akajipangusa vumbi. Hakuvaa kofia mpaka alipovuka ua. Tulimsikia akipita kwenye nyumba za jirani, na hatukusikia mtu akimsalimia.

Mama Deo alinisogezea ungo. Maharage yalikuwa yamebaki kidogo. Nikayachambua mimi.